Mara Tatu, Hakujibu

Kazi yangu ni ukalimani. Mtu akikamatwa hapa Bruxelles, naye hajui Kifaransa wala Kiholanzi ila Kiswahili, polisi hunipigia simu mimi au mmoja wa wenzangu wachache. Niliapa mbele ya jaji kwamba nitatafsiri kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza, na kwa miaka kumi na minne niliamini kwamba kiapo hicho nimekishika. Nilikuwa najivunia. Nilikuwa na koti jeusi la kuendea mahakamani na daftari dogo lenye jalada gumu, na watu wa kanisani kwetu walipokuwa na barua ya serikali wasiyoielewa waliniletea mimi.

Jumapili moja, mwezi wa Novemba, nilikuwa navaa viatu kwenda ibadani simu ilipolia. Ilikuwa kituo cha polisi upande wa stesheni ya Gare du Nord. Mtu ameumia vibaya, wamemshika mwenzake, nije haraka. Nikabadili njia.

Walinikalisha katika chumba kisicho na dirisha. Mpelelezi alikuwa mwanamume mpole, anachapa kwa vidole viwili. Wakili kijana aliyepewa kesi asubuhi hiyo alikuwa bado na maji ya mvua kwenye nywele. Mshukiwa alikuwa mtu wa Uvira, umri wake kama miaka hamsini. Kwao alikuwa fundi wa kujenga, hapa alikuwa akisafisha ofisi kwenye maghorofa marefu yaliyo jirani na stesheni. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba hata pua ilionekana kama imesogea, na alishika karatasi laini juu yake, ikiwa na damu iliyoanza kukauka.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Alikaa chumba kimoja na kijana mwenzake wa kazi, mtu wa Goma, katika nyumba ya ghorofa tatu. Asubuhi hiyo kijana alirudi amelewa, akafungua muziki kwa sauti kubwa wakati mwenzake anasali. Wakagombana. Saa moja baadaye kijana alikutwa chini ya ngazi, kichwa kimepasuka, hasemi. Jirani ndiye aliyeita gari la wagonjwa na polisi.

Mpelelezi aliuliza, "Mlipogombana, ilikuwaje hasa?" Nikatafsiri. Yule mtu akajibu kwa haraka, karatasi ikiwa mdomoni, macho yake mezani. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari langu naandika. Nilichokisikia ni hiki:

"Alinipiga hapa ku kinywa. Nikatoka. Nilimupiga mara tatu, hakujibu. Njo nikarudia, nikamukuta chini ya ngazi."

Nikamtafsiria mpelelezi kwa Kifaransa kilichonyooka: alinipiga mdomoni, nikatoka, nilimpiga mara tatu, hakujibu mapigo, kisha nikarudi nikamkuta chini ya ngazi. Vidole viwili vya mpelelezi vilisimama kidogo, halafu vikaendelea. Wakili kijana aliandika kitu na kukipigia mstari.

Mwisho, kama sheria inavyotaka, nilimsomea maelezo yake yote kwa Kiswahili ili athibitishe. Nilisoma upesi. Ilikuwa karibu saa sita, nilikuwa sijala, na nilitaka kuwahi hata sehemu ya mwisho ya ibada. Nilipofika kwenye ile sentensi alitikisa kichwa, ndiyo. Akatia sahihi kila ukurasa, taratibu, kama mtu anayechora. Mimi nikatia yangu chini ya yake, na namba yangu ya usajili. Mchana nilikula sombe, kisamvu cha kwetu, na samaki kwa yaya yangu, dada yangu mkubwa mwenye saluni ya kusuka nywele kule Matonge, mtaa wa Waafrika, na sikumfikiria tena yule mtu.

Ilipita miezi kumi na moja. Nikaitwa na mahakama ya rufaa. Karatasi ya kuitwa ina tarehe, saa, namba ya chumba na lugha inayotakiwa, basi. Jina la mtu huwa halinihusu mpaka nifike. Nikapanda mpaka lile jengo kubwa la sheria lililozungukwa na vyuma vya mafundi tangu nilipolijua, nikapita mlango wa ukaguzi, nikavuka ule ukumbi ambao hata mwezi wa saba ni baridi, nikaingia chumbani. Majaji watatu. Mwendesha mashtaka upande wa kulia. Kwenye benchi la familia ya aliyeumia kulikuwa na mwanamke mmoja aliyevaa koti jeusi, na wakili wake aliyekuja kudai fidia.

Walinzi wakamwingiza mshtakiwa, wakamfungua pingu, wakamkalisha kando yangu. Alikuwa amekonda, ndevu zina mvi, mdomo mzima kama wa mtu yeyote. Sikumtambua. Yeye aliniangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikadhani anafurahi tu kuona mtu wa kwao.

Jaji kiongozi, mwanamke mwenye sauti ya chini, alieleza kesi. Mshtakiwa amehukumiwa miaka minne kwa kumpiga mwenzake na kumsababishia ulemavu wa kudumu. Anakata rufaa. Nilikuwa nanong'ona sikioni mwake, sentensi kwa sentensi, kama ninavyofanya siku zote, mpaka jaji aliposema, "Hukumu ya kwanza imesimama zaidi juu ya maneno yako mwenyewe siku ulipokamatwa. Ninayasoma." Akasoma. Alinipiga mdomoni, nikatoka, nilimpiga mara tatu, hakujibu mapigo.

Kifaransa kile nilikifahamu kama mtu anavyofahamu mshono wa nguo aliyoishona mwenyewe.

Nikanong'ona tafsiri yake. Yule mtu akanigeukia. Hakumgeukia jaji, alinigeukia mimi, akasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima:

"Maman, mimi sikusemaka ile. Nilisema nilimupigia. Nilimupigia simu. Nilitoka bila clé, mulango ikafungika, nikamupigia mara tatu aje anifungulie. Hakujibu. Ni jirani njo alinifungulia."

Badala ya kutafsiri, nilimwangalia mdomo. Jaji akainua macho. "Bibi mkalimani?"

Ningeweza kusema chochote. Katika chumba kile, wenye kujua Kiswahili tulikuwa mimi na yeye, na kama nilivyokuja kujua baadaye, yule mwanamke wa koti jeusi. Nilifikiria jambo hilo. Nataka kulisema wazi kwa sababu sijawahi kulisema kwa mtu: kwa pumzi moja au mbili, nilifikiria kutafsiri kitu kingine.

Nikatafsiri alivyosema, neno kwa neno. Nikaeleza, kwa kuwa jaji aliuliza, kwamba kwa Kiswahili kumpiga mtu na kumpigia mtu simu ni maneno yanayotofautiana kwa irabu moja tu, i, na kwamba watu wengi hawataji simu, wanasema tu nilimpigia. Wakili wake mpya, mama wa makamo mwenye miwani kifuani, akaruka juu. Alisema ndivyo mteja wake alivyojaribu kueleza katika kesi ya kwanza, wakamwambia anabadili maneno. Akaomba kumbukumbu za simu ziletwe. Akasema mkalimani wa polisi, kwa heshima yote, huenda alikosea.

Mkalimani wa polisi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, namtafsiria mteja wake maneno hayo.

Jaji akaahirisha kwa wiki tatu. Hakuna aliyeuliza mkalimani huyo alikuwa nani, kwa kuwa kwenye karatasi za polisi nilikuwa namba na sahihi isiyosomeka tu, nami sikufungua kinywa. Walinzi walipomwongoza nje, yule mtu alipita karibu yangu akasema taratibu, bila ukali, "Ni wewe njo ulikuwaka ile siku. Nilikujua." Nikajifanya napanga karatasi zangu.

Wiki tatu zile simtakii mtu. Kila bahasha iliyoanguka nyuma ya mlango ilinifanya nisimame katikati ya chumba kabla ya kuiokota. Simu ikilia na namba siijui, sikushika. Binti yangu aliniuliza kwa nini naongea peke yangu ndani ya metro. Kumbe nilikuwa nasema kwa sauti, nilimupiga, nilimupigia, nilimupiga, nilimupigia, na watu wamesogea mbali nami kidogo. Nilihesabu watu niliowatafsiria miaka yote ile, si kwa idadi bali kwa nyuso, wale ninaowakumbuka: mama wa Bunia aliyenyimwa hifadhi, kijana wa Kalemie aliyefungwa, baba aliyenyang'anywa watoto. Nilijiuliza ni wangapi nao walikuwa na karatasi mdomoni.

Nilienda Matonge kumweleza yaya. Nilimngoja amalize kichwa cha mteja wa mwisho wa asubuhi, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha wateja na kuinua miguu. Nikamwambia yote. Alisikiliza huku akikunja nywele za bandia zilizobaki.

"Sasa nani anajua ni wewe?" akauliza.

"Yeye mwenyewe. Na namba yangu iko ku papier."

"Yeye ni mufungwa. Nani atamusikiliza? Na ile namba, banaiangalia?"

"Bado."

"Alors funga kinywa, mudogo wangu. Umeshamutafsiria vizuri pale ku tribunal, si ndiyo? Umesaidia. Basi. Ukisema ni wewe, batakuondoa ku kazi, na pengine batakufunga wewe. Mutoto wako anasoma. Utarudi ku ile nyumba ya wazee, kufua mashuka?"

"Na kama atarudishwa gerezani?"

"Na kama kweli alimupiga?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa kuliko yote. Kwa sababu sikukumbuka. Nilijaribu kuisikia tena sauti yake ya Jumapili ile, nikaipata kila namna niliyoitaka. Daftari la siku ile nilikuwa nimelichana zamani, kama tunavyotakiwa kufanya. Nilichobaki nacho ni Kifaransa changu mwenyewe.

Nikachukua taulo safi kwenye rafu ya yaya. "Bandika hii ku kinywa," nikamwambia. "Ukaze mudomo wa juu, useme moja kati ya ile maneno mbili. Usiniambie ni gani. Useme haraka, na mbele ya 'mara tatu'."

Akacheka. "Una wazimu."

"Fanya tu, yaya. Tafadhali."

Nilimpa mgongo, nikainamia kaunta kama nilivyokuwa nimeinamia daftari. Akasema. Nikakisia. Akasema tena. Tulifanya mara kumi. Mara ya kwanza alikuwa bado anacheka. Mara ya nne aliacha. Mara nne kati ya kumi nilikosea, na lugha hii niliinyonya kwa mama yangu. Yaya alishusha taulo akaliangalia, halafu akaniangalia mimi. "Yesu," akasema.

Siku ya pili ya kesi nilifika mapema mno. Nilikaa kwenye benchi la korido nikiwa na karatasi mbili mkononi: moja ilikuwa barua ya kukiri niliyoiandika na kuisahihisha mara nyingi, nyingine ilikuwa cheti cha daktari, kwamba naumwa, siwezi kufanya kazi leo. Cheti kilikuwa cha kweli. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda, daktari wangu hakuniuliza sababu. Ningempa karani, nitoke, waitwe wenzangu. Karani alitoka akanisalimia kwa furaha. "Ah, bibi, umekuja, vizuri. Leo tuna kumbukumbu za simu."

Cheti kilibaki mfukoni. Sisemi kwamba nilikuwa jasiri. Nadhani niliogopa kutoka na kutojua zaidi ya nilivyoogopa kubaki.

Mshtakiwa alipokaa kando yangu nilimwambia kwa sauti ya chini, "Papa, nitasema." Jaji kiongozi alipofungua kikao niliinua mkono kama mtoto wa shule. Nikasema, "Bibi jaji kiongozi, siwezi kuendelea kuwa mkalimani wa kesi hii. Mkalimani wa polisi siku ile alikuwa mimi."

Nilisikia mtu kwenye benchi la familia akivuta pumzi. Jaji wa kushoto alifungua faili, akatafuta kwa kidole, akamwonyesha mwenzake. Namba yangu. Walikuwa nayo muda wote.

Wakanitoa kando ya mshtakiwa. Wakasimamisha kikao mpaka mwenzangu mmoja alipopatikana, naye alikuja akihema, akaketi nilipokuwa nimeketi. Mimi nikaapishwa tena, safari hii kama shahidi.

"Unakumbuka mshtakiwa alitumia neno lipi?" aliuliza jaji kiongozi.

"Hapana."

"Kwa hiyo huwezi kutuambia kwamba alisema alimpigia simu."

"Siwezi. Ninachoweza kuapa ni kwamba mdomo wake ulikuwa umevimba na alikuwa na karatasi juu yake. Sikuwa namwangalia, nilikuwa naandika. Sikumwomba arudie. Na nilipomsomea maelezo, nilisoma haraka. Niliweka neno 'mapigo' kwa Kifaransa ambalo yeye hakulisema. Alisema 'hakujibu' tu. Mtu anajibu mapigo, lakini anajibu simu vilevile."

Mwendesha mashtaka alisimama. Hakuwa mkali, na hilo liliniogopesha zaidi. "Bibi, wewe unatoka Kivu. Mshtakiwa anatoka Kivu. Katika kikao kilichopita ulitafsiri hapa mbele yetu habari hii ya simu, na hukusema neno juu ya nafasi yako. Wiki tatu zimepita. Nani amezungumza nawe?"

"Dada yangu."

"Alikushauri nini?"

"Alinishauri ninyamaze."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, akanyamaza. Nilishika ubao wa mbele kwa mikono miwili.

"Unajua," akasema, "kwamba kutafsiri uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai?"

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa naogopa. Bado naogopa."

Akaandika kitu, akaketi. Kumbukumbu za simu zikasomwa. Asubuhi ile simu ya mshtakiwa iliipigia ya kijana mara tatu ndani ya dakika chache, na mara zote haikushikwa. Wakili wa familia akasema hilo halithibitishi kitu, mtu anaweza kumpiga mwenzake ngazini kisha akapiga simu ili afiche alichofanya. Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilisimama pale nikijua kwamba alikuwa na haki.

Nilipotoka, yule mwanamke wa koti jeusi alikuwa koridoni kwenye mashine ya kahawa. Alikuwa dada wa kijana aliyeumia. Nilitaka kupita, akanizuia kwa mkono, bila kunigusa.

"Maman," akasema kwa Kiswahili cha Goma, "ndugu yangu hasemi tena. Namulisha na kijiko. Mwaka muzima nilijua nani alimufanya vile, sababu wewe ulitafsiri. Sasa unakuja kusema pengine. Wewe uko na vinywa viwili?"

"Nisamehe," nikasema.

"Nikusamehe kwa gani? Ya kwanza ao ya pili?"

Alichukua kahawa yake, akarudi ndani.

Hukumu ilitolewa baada ya mwezi. Sikuitwa, nilikwenda nikakaa nyuma kabisa, kati ya wanafunzi wa sheria waliokuja kujifunza. Jaji kiongozi alisoma kwa sauti ile ile ya chini na nilipata shida kusikia, mimi ambaye kazi yangu ni kusikia. Alisema maelezo ya mshtakiwa siku ya kukamatwa hayawezi tena kutegemewa. Alisema daktari ameona majeraha yanaweza kutokana na mapigo, na yanaweza vilevile kutokana na mtu mlevi kuanguka ngazini. Alisema jirani alimfungulia mlango mshtakiwa kutoka barabarani. Alisema mashaka yanayobaki ni ya mshtakiwa kunufaika nayo. Hukumu ya kwanza inatenguliwa, anaachiwa huru, na kwa kuwa hana hatia, mahakama haina uwezo wa kusikiliza madai ya fidia ya familia.

Mwenzangu mkalimani alinong'ona. Yule mtu aliuliza kitu. Akanong'ona tena. Akauliza tena. Mara ya tatu ndipo alipoinamisha kichwa juu ya ubao na kukiacha hapo. Dada wa kijana alikuwa ameshaondoka. Niliona mlango ukirudi wenyewe.

Nilimngoja nje, upande wa ile lifti inayoshusha watu mjini chini. Mvua nyepesi. Alitoka na wakili wake, na mfuko wa plastiki wenye vitu vyake vya gerezani. Nilimwendea nikanyoosha mkono.

"Papa, pole sana. Ni kosa langu."

Aliuangalia mkono wangu. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa amechoka tu. "Maman," akasema, "umesema ukweli, asante. Lakini mwaka muzima nilikuwa ndani. Mama yangu alikufa Uvira, sikumulilia pamoja na bandugu. Usinipe mukono leo. Pengine siku ingine. Leo hapana."

"Sawa, papa."

"Na mimi sikumupiga," akaongeza. "Nakuambia wewe, sababu najua haujue."

Akaingia kwenye lifti pamoja na wakili. Alikuwa ameona sawasawa. Sikujua. Sijui hadi leo. Namwamini siku nyingi, na siku nyingine naamka na sauti ya yaya nyuma ya lile taulo masikioni mwangu, mara nne kati ya kumi, na mara hizo nne zingeweza kwenda upande wowote.

Barua niliyoiogopa ilikuja baada ya majuma machache. Niliitwa mbele ya kamati ya watu watano wanaosimamia wakalimani wa mahakama. Waliniuliza maswali yale yale, kwa upole zaidi. Walinisimamisha kazi miezi sita, wakanitaka nirudie mafunzo. Hakuna aliyenishtaki. Katika miezi ile sita nilirudi kwenye nyumba ya wazee, kama yaya alivyotabiri, si kufua bali kuwalisha na kuwabadilisha nguo, na niligundua kwamba wazee wasio na meno nawaelewa vizuri, kwa sababu pale hakuna aliyekuwa na haraka na nilikuwa nawaangalia usoni.

Nimerudi kwenye ukalimani sasa. Polisi wengine hawapendi kuniita, nachelewesha. Namwomba mtu atoe mkono mdomoni. Namwomba arudie. Nasema, "Bwana mpelelezi, hapa kuna neno lenye maana mbili," wanavuta pumzi na kuangalia saa. Siandiki tena wakati mtu anaongea. Lakini kila ninapotia sahihi chini ya karatasi mkono wangu husita, na safari moja nilishindwa kabisa, nikaomba maji, nikaenda chooni nikakaa juu ya kifuniko.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda sokoni kwenye stesheni ya Gare du Midi, Jumapili, kutafuta ndizi za kupika. Kati ya mabanda ya mizeituni na ya vitambaa nilimwona dada wa kijana. Hakuniona. Alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu, na ndani yake mwanamume bado kijana, kofia ya sufu imeshushwa hadi kwenye nyusi, mikono juu ya blanketi. Alisimama kuchagua nyanya akamwacha amegeukia upande wangu. Tulikuwa tumetengana mita mbili. Yeye ndiye, pengine peke yake duniani, anayejua kilichotokea juu ya ngazi zile, kama bado kimo ndani yake.

Aliniangalia. Midomo yake ikasogea, ikatoa sauti, silabi mbili au tatu, nusu hewa. Macho yake hayakuachana na yangu. Akairudia sauti ile.

Ningeweza kuinama. Ningeweza kusema, rudia, ndugu yangu, taratibu, nakusikiliza. Hiyo ndiyo kazi yangu. Badala yake niligeuka nikapita katikati ya watu, nikiwasukuma, bila ndizi, mpaka chini kwenye metro, na treni mbili zilipita kabla sijaweza kupanda.